Maoni, Jibu na Uhakiki: Jumuiya ya Wasomaji wa Kiswahili kutoka Barazani hadi Intaneti

Wasomaji wa Kiswahili wamejipatia siku hizi mahali papya pa kuzungumzia vitabu. Mtu aliyemaliza riwaya usiku mjini Tanga hana haja tena ya kungoja mpaka akutane na mwenziwe aliyeisoma. Huandika maneno machache kwa simu yake, na kabla hakujapambazuka amekwisha kujibiwa na mtu wa Maskati ambaye kitabu kilekile kilimkumbusha ujana wake Unguja, na mwingine wa Ujerumani auulizaye wapi chaweza kununuliwa. Watu hao hawajapata kuonana, wala huenda wasionane kabisa. Walakini kwa muda ule kitabu kimewafanya kuwa watu wa nyumba moja.

Jambo hilo limepokewa kwa namna mbili. Wako walidharauo, wakasema kwamba ni maneno ya kupitisha wakati, wala hayana uzani mbele ya elimu. Wako pia walisifuo kupita kiasi, wakasema kwamba sasa kila msomaji amekuwa mhakiki na kwamba mlango uliofungwa na vyuo vikuu umevunjwa. Pande zote mbili zimeruka swali lililotakiwa kutangulia, nalo ni hili: je, mazungumzo hayo ni uhakiki? Na kama bado si uhakiki, yapungukiwa na nini?

Swali hilo halijibiki sawasawa kwa kutazama mitambo ya leo peke yake. Kiswahili kina mila ya miaka mingi ya watu kujadiliana juu ya tungo, nayo ni mila ya kujibizana. Katika mila hiyo watu walifungamana kwa sababu kila mmoja alijua kwamba neno lake litajibiwa, na kwamba yeye naye ana deni la kumjibu mwenziwe. Kupenda tungo moja hakukutosha. Ikipimwa kwa mila hiyo, jumuiya ya wasomaji wa intaneti yaonekana kuwa imepata upana mkubwa ambao wazee hawakuupata, na wakati huohuo imo hatarini kupoteza jibu.

Maneno matatu

Inafaa kuanza na maneno yenyewe, maana lugha huhifadhi kumbukumbu ambazo wasemaji wake wamekwisha kuzisahau. La kwanza ni kusoma. Katika matumizi ya pwani neno hili halikumaanisha tu mtu mmoja kukodolea macho karatasi naye amenyamaza. Husemwa kusoma Maulidi na kusoma hitima, na katika yote mawili sauti hutoka na watu husikiliza. Husemwa pia kwamba mtoto anasoma darasa la tano, na maana yake ni kwamba yu katika kujifunza pamoja na wenzake. Utenzi ulikuwa na nakala chache, mwenye kuusoma alikuwa mmoja, na wenye kuusikia walikuwa wengi. Kwa hiyo msomaji ajifungiaye chumbani na kitabu chake, asimwambie mtu alichokiona humo, ni mgeni wa siku za karibu katika historia ya Kiswahili. Aandikapo maoni yake usiku kwa watu asiowajua, kwa namna fulani arejea katika desturi ya zamani.

La pili ni maoni. Asili yake ni kitenzi ona. Atoaye maoni aeleza jinsi jambo lilivyomwonekea, wala hakuna awezaye kumwambia kwamba hakuona alichokiona. Hapo pana heshima kubwa kwa mtu, na hapo pia pana mpaka wa neno lenyewe. Maoni mawili yaweza kukaa ubavu kwa ubavu mpaka mwisho wa dunia pasipo kugusana.

La tatu ni hakiki. Neno hili ni la ukoo mmoja na haki, hakika na uhakika, na katika kazi za serikali latumika hata leo kwa maana yake ya asili: majina ya wapiga kura huhakikiwa, na vyeti vya watumishi huhakikiwa. Anayehakiki cheti haulizwi kama amekipenda. Huulizwa kama yaliyosemwa juu yake yanalingana na yaliyomo ndani yake. Basi mtu ahakikiye kitabu amejifunga kurejea kwenye kitabu chenyewe, na kukubali kwamba mtu mwingine akikifungua palepale aweza kumsahihisha.

Baina ya maoni na uhakiki, basi, pana njia ya kupitwa, na mila ya Kiswahili inaonyesha kwamba njia hiyo ni jibu. Maoni yakijibiwa, mwenyewe hulazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi. Na akirudi kitabuni amekwisha kuanza kuhakiki, hata kama hajapata kusikia neno hilo darasani.

Mila ya kujibizana

Mwanzoni mwa karne ya 19 miji ya Mombasa na Lamu ilipigana kwa silaha na kwa mashairi pia. Tungo za wakati ule, zilizokusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu mwaka 1995, zaonyesha mambo yaliyotakiwa kwa mtu aliyetaka kusema mbele ya watu. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walikuwa mahasimu katika siasa. Walakini kila mmoja alilazimika kuzisikiliza tungo za mwenziwe kwa makini kuliko rafiki. Aghalabu mwenye kujibu huchukua vina vya shairi lililotangulia, akalishika fumbo lake, akaligeuza neno lake na kumrudishia mwenyewe. Asiyelielewa shairi hawezi kufanya hivyo, na akijaribu bila kulielewa, wasikilizaji humcheka.

Huenda ikasemwa kwamba huo ulikuwa ugomvi wa watawala, wala haukuhusu hukumu ya tungo. Ni kweli kwamba mashairi yale yalikuwa na shughuli nyingine. Hata hivyo namna ya kujibu ilikuwa na masharti yanayohusu kila hukumu ya maandishi: anayejibu aonyeshe kwamba amesikia, aseme mbele ya watu ambao nao wamesikia, na aliache neno lake wazi ili lijibiwe. Masharti hayo matatu ndiyo yaliyozifanya tungo hizo kuwa shule ya usomaji. Ann Biersteker aliliita jambo hilo kwa jina lake, Kujibizana, katika kitabu chake cha mwaka 1996, na Kimani Njogu akalieleza kwa upana mwaka 2004 alipoutazama ushairi wa Afrika Mashariki kama mazungumzo.

Chapa ilipokuja, mila hii haikufa, bali ilipata uwanja mpana zaidi. Kiongozi, gazeti lililoanza kutolewa Tanga mwaka 1904 chini ya serikali ya Wadachi, lilipokea mashairi ya wasomaji wake. Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, kurasa zake za mashairi zikawa baraza la nchi nzima. Karani wa bara, mwalimu wa shule ya kijiji na mfanyabiashara wa pwani waliandikiana humo ilhali hawakujuana kwa sura. Mmoja alitoa fumbo, wengine walifumbua. Mmoja aliuliza, wengine walijibu, na wengine tena waliwakosoa waliojibu. Wengi walijiita kwa lakabu, lakini lakabu ile haikuwa kificho cha kukwepa jibu, maana aliyeitumia aliitumia miaka nendarudi na sifa yake ilishikamana nayo. Shaaban Robert naye alipeleka mashairi yake katika gazeti hilo.

Katika baraza hilo palikuwa na mizani iliyojulikana na wote. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, alizikusanya kanuni ambazo washairi walikuwa wamekwisha kuhukumiana kwazo kwa muda mrefu. Msomaji aliyesema kwamba shairi limeharibika aliweza kuweka kidole mahali lilipoharibika: mizani imepungua katika utao wa mshororo wa tatu, au kina cha kati kimepotea. Hukumu yake yaweza kuwa finyu, lakini mtu yeyote aliweza kuhesabu na kuona kama amesema kweli.

Haifai, hata hivyo, kuisifu jumuiya hiyo mpaka makosa yake yakafichika. Gazeti lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, na mhariri ndiye aliyeamua nini kitatoka. Kanuni za mizani na vina zilikuwa ukuta uliowazuia wenye jambo la kusema ambao hawakufunzwa kutunga. Mara nyingine majibizano yaliacha shairi yakamwendea mshairi, akatukanwa yeye badala ya kujibiwa maneno yake. Tena sauti za wanawake zilikuwa chache katika kurasa hizo. Lakini wanawake hawakuwa hawasomi. Utenzi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake karibu na mwaka 1858 ulinakiliwa na kuhifadhiwa moyoni na wanawake wa pwani vizazi kadha kabla ya Alice Werner na William Hichens kuuchapisha mwaka 1934. Hiyo nayo ilikuwa jumuiya ya wasomaji, na waliyosemezana juu ya utenzi ule hayakuandikwa.

Ugomvi uliozaa elimu

Mfano ulio bora wa maoni kugeuka uhakiki ni mgogoro wa ushairi uliopamba moto baada ya mwaka 1974. Mwaka huo Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Waliolelewa katika kanuni za Amri Abedi waliona kwamba nyumba yao imevunjwa. Waliounga mkono utungaji mpya waliona kwamba dirisha limefunguliwa. Mjadala ukapita magazetini, madarasani na katika majarida ya wataalamu.

Ukiutazama mwanzo wake, ugomvi huo haukuwa na faida kubwa. Mmoja alisema, hili si shairi. Wa pili akasema, hili ni shairi. Wote wawili wakarudia. Hayo yalikuwa maoni mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu. Lakini kwa kuwa kila upande ulijua kwamba utajibiwa, kila upande ulilazimika mwishowe kueleza shairi ni kitu gani. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakaeleza kwamba vina na mizani ni pambo moja miongoni mwa mapambo, na kwamba uhai wa shairi wapaswa kutafutwa ndani zaidi. Ibrahim Noor Shariff naye alitoa Tungo Zetu mwaka 1988, akaonyesha jinsi mapokeo ya tungo za Waswahili yalivyo mapana na yenye mizizi, na kwamba asiyeyajua hana haki ya kuyavunja kwa jina la maendeleo. Vitabu hivyo havikubaliani. Walakini kila kimoja ni imara kwa sababu ya upande wa pili, na mwanafunzi asomaye kimoja bila kingine hupata nusu ya elimu.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba wataalamu hawakuuanzisha mgogoro huo kwa kukaa peke yao. Waliukuta ukizungumzwa na watu waliopenda ushairi na waliokasirika kwa ajili yake. Hasira ya msomaji ilikuwa kuni, na elimu ilipikiwa juu yake.

Nyota na neno

Kwa mizani hiyo yawezekana sasa kuitazama jumuiya ya wasomaji wa intaneti bila dharau na bila kilemba cha ukoka.

Faida zake ni dhahiri. Mlangoni hakuna mhariri wa serikali. Mwanamke aliyeko nyumbani na mtoto mgongoni aweza kusema sawasawa na mwanamume aliyeko barazani. Waswahili waliotawanyika Oman, Uingereza na Amerika ya Kaskazini wamerudi katika mazungumzo. Faida hiyo yaonekana wazi juu ya kitabu kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994. Hiyo ni riwaya ya pwani iliyozaliwa ughaibuni kwa lugha ya kigeni, ikarejea kwa lugha ya pwani baada ya miaka 28. Maneno ya Kiswahili ambayo Gurnah aliyaacha ndani ya Kiingereza yalimng'aria msomaji kama vito vya kigeni. Katika tafsiri yamekuwa maneno miongoni mwa maneno, na mfasiri hana budi kutafuta njia nyingine ya kuutunza mng'ao huo au kuuacha uende. Ni nani anayefaa kuamua kama mazungumzo ya Yusuf na Khalil dukani yamesikika kama mazungumzo ya vijana wa pwani? Hapana profesa mmoja awezaye kazi hiyo. Inamtaka mzee wa Unguja, kijana wa Mombasa, na mtoto wa Kizanzibari aliyekulia Uingereza akaisoma kwanza kwa Kiingereza. Zamani watu hao wasingekutana, leo wanaweza.

Lakini mahali pa kukutania pamejengwa na watu wenye shughuli nyingine. Goodreads, mtandao ujulikanao kuliko yote kwa kazi hiyo, ulianzishwa Marekani mwaka 2007 ukanunuliwa na kampuni ya Amazon, muuza vitabu, mwaka 2013. Humo, kama katika mitandao mingi ya namna hiyo, hukumu ya kwanza atakiwayo msomaji kuitoa ni hesabu ya nyota, kutoka moja hadi tano. Kiswahili chenyewe chatoa onyo juu ya jambo hilo. Katika lugha hii nyota ya mtu ni bahati yake: husemwa kwamba fulani ana nyota nzuri au kwamba ameangukiwa na nyota ya jaha, na anayesema hivyo hasemi lolote juu ya kazi ya mtu yule wala tabia yake. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kitabu. Nyota nne na nusu zaeleza jinsi kitabu kilivyobahatika mbele ya watu. Hazielezi kilichomo. Tena tarakimu haijibiki: aliyesema kwamba sura ya tatu imeharakishwa aweza kuonyeshwa sura ya tatu, lakini aliyetoa nyota mbili hana alichokiweka mezani.

Upungufu wa pili ni wa msamiati, na huo haukuletwa na mitambo. Msomaji apitaye hatua ya nyota akaandika sentensi aghalabu huishia kizuri, kitamu au kinasisimua. Akitaka kuendelea, huangukia maneno aliyoyabeba kutoka shuleni: fani na maudhui, dhamira, ujumbe, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Maneno hayo si mabaya, na yalipoingizwa katika mafunzo yalikuwa na kazi njema. Lakini yamefundishwa miaka mingi kama vichwa vya kujazia majibu ya mtihani. Mwanafunzi alifunzwa kumjibu mtahini, ambaye jibu analo tayari. Hakufunzwa kumjibu mwanafunzi mwenziwe, ambaye hana. Ndiyo sababu hata mtu mzima, aliyenunua riwaya kwa fedha yake na kuisoma kwa raha yake, huonekana akiandika kana kwamba mtahini amesimama mgongoni pake: ujumbe ni kwamba ulevi ni mbaya. Kisha wenziwe humsifu, na mazungumzo hufungwa. Msomaji wa Mambo Leo alikuwa na ukwapi, utao na mwandamo wa kuwekea kidole. Msomaji wa riwaya wa leo hajapewa maneno ya kadiri hiyo ya kuonyesha mahali hadithi ilipomshika au ilipomwacha.

Upungufu wa tatu ni adabu iliyokosewa. Waandishi wa Kiswahili ni wachache, na mara nyingi wamo katika mabaraza yaleyale ya wasomaji wao. Msomaji huona haya kusema kwamba sura ya mwisho imelegea ilhali mwandishi yupo anasoma. Akisema, hudhaniwa ana chuki. Zamani kumjibu mshairi kwa ukali kulikuwa kumheshimu, maana hajibiwi mtu asiye na uzani. Siku hizi kimya na sifa vimefanywa kuwa heshima, na mwandishi ndiye mwenye hasara, kwa kuwa hajui ni nani aliyemsoma kweli.

Mfano wa njia

Ili isionekane kwamba linadaiwa jambo lisilowezekana, na utazamwe mfano mmoja. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Hata leo ni kitabu kinachoweza kuwagawa wasomaji. Msomaji wa kwanza aweza kusema kwamba kitabu hiki kinafundisha uhuni. Hayo ni maoni, na yana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa mzazi aliyeyasema ameona alichokiona.

Msomaji wa pili akijibu tu kwamba kitabu ni kizuri sana, hakuna kilichosogea. Lakini akisema: tazama Zakaria, baba yake Rosa, ampigapo bintiye nyumbani Namagondo kwa sababu ya barua ya kijana, tazama kwamba pigo hilo lilitangulia kosa lolote, kisha tazama jinsi msichana aliyezuiwa hata kusemezana na mvulana afikavyo ugenini pasipo silaha ya kujilinda, hapo ametoa ushahidi. Sasa msomaji wa kwanza hana budi kurudi kitabuni. Huenda akarudi na jibu gumu: kwamba kama shabaha ilikuwa kumlaumu baba, kwa nini ni binti anayelipa kwa uhai wake, na kwa nini mwandishi anakaa muda mrefu sana katika maelezo ya maanguko yake? Swali hilo ni la maana. Linagusa mahali hasa ambapo riwaya hiyo ina nguvu na ambapo inatia shaka, yaani baina ya huruma ya msimulizi na udadisi wake.

Watu wawili hao hawana shahada ya fasihi. Wametumia majina, mahali na mpangilio wa matukio, vitu ambavyo kila msomaji anavyo. Wamefanya kama walivyofanya Muyaka na Zahidi: kila mmoja amechukua vina vya mwenziwe. Wakiendelea hivyo kwa juma moja watakuwa wamefanya kazi ambayo kurasa nyingi za miongozo ya mtihani hazijaifanya.

Huenda mtu akauliza kwa nini msomaji aliyefurahi adaiwe ushahidi. Hadaiwi. Furaha ni yake, na kumwambia rafiki kwamba kitabu fulani kimemliza ni jambo la kibinadamu lisilohitaji hoja. Linalodaiwa ni kwamba mtu akimwuliza kimemliza wapi, asione kwamba ametukanwa.

Nani atahifadhi

Limebaki jambo moja, nalo lahusu vyuo vya uchunguzi kuliko msomaji wa kawaida. Muyaka alifariki mwaka 1840. Tungo zake zingeweza kupotea pamoja na vizazi vilivyozikariri, lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, ambaye alizikusanya kutoka vinywani na vifuani mwa watu akamkabidhi mmisionari W. E. Taylor. Hichens alizitoa kitabuni mwaka 1940, miaka 100 baada ya mtunzi kufa. Na hata hivyo si yote yaliyosalimika. Shairi la jibu lisomwapo peke yake, bila lile lililojibiwa, hufanana na mtu asikikaye akizungumza nyuma ya ukuta: sauti yake yasikika, lakini haijulikani aambiwa nini.

Mazungumzo ya wasomaji wa leo yako katika hatari hiyohiyo, ijapokuwa yameandikwa. Simu hupotea, kampuni hufunga milango, na yaliyosemwa mwaka huu hufunikwa na yatakayosemwa mwakani. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua jinsi Peponi ilivyopokelewa na Waswahili huenda akakuta hesabu ya nyota tu, na maneno yote yamekwenda. Hasara hiyo itakuwa kubwa, kwa sababu vitabu vingi vya Kiswahili hununuliwa kwa ajili ya shule, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yake yameandikwa kwa ajili ya shule. Watu wanaosoma bila kulazimishwa na mtu ni wachache, na ushuhuda wao ni adimu.

Kwa hiyo yapasa kazi ya Mwalimu Sikujua ifanywe tena, kwa masharti ya wakati huu. Maneno ya watu ni mali yao, nayo yakusanywe kwa ruhusa yao, bila kuanika yaliyosemwa faraghani. Kila jibu lihifadhiwe pamoja na neno lililojibiwa. Tena wataalamu wasiende huko kama wakusanyaji peke yao. Waende kama wasomaji, watoe maoni yao yaonekane, waulizwe wameona wapi, nao wajibu. Mhadhiri anayeona aibu kusahihishwa na fundi cherehani juu ya sura ya tano ya riwaya hana budi kukumbuka kwamba kuhakiki ni kurejea kwenye kitabu, na kitabu hakiulizi cheo cha anayekifungua.

Majarida nayo yana sehemu yao. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilipoanza kutoa taarifa yake baada ya kuundwa mwaka 1930, ilikuwa na kazi ya kupima maneno kwa kuuliza wenye kuyatumia. Kazi ya kupima vitabu yaweza kufuata njia iyo hiyo. Kurasa chache katika kila toleo zikiachwa kwa majibu ya wasomaji juu ya kitabu kimoja, yakapangwa neno na jibu lake, gharama yake ni ndogo. Faida yake itaonekana baada ya miaka mingi, wakati watu wengine watakapotaka kujua Waswahili wa siku hizi walisoma nini, walikielewaje, na walibishania nini.